Naombeni ushauri: mwanangu amepewa "Tintin au Congo"

Hamjambo ndugu zangu. Sisi ni watu wa Bukavu, Kongo, tunaishi Brussels, Ubelgiji. Mwanangu wa miaka 9 amepewa na rafiki yake kitabu cha katuni cha Kifaransa, Tintin au Congo (yaani "Tintin huko Kongo"), na sasa halali bila kukifungua.

Najua Hergé, mchoraji Mbelgiji, alianza kukichora 1930, Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji. Alilo nalo mtoto ni toleo la rangi la 1946: somo la "nchi yenu Ubelgiji" ambalo Tintin aliwapa watoto wa Kongo liliondolewa, sasa anawafundisha hesabu. Lakini midomo ile minene waliyochorwa Wakongo ilibaki. Treni inaanguka, Tintin, kijana wa kizungu, anawaamrisha wenye nchi wafanye kazi, na ukurasa wa mwisho mtu anasujudu mbele ya sanamu yake. Hapo mwanangu akaweka kidole juu ya picha, akaniuliza: "Baba, babu alikuwa hivi?" Nilikosa jibu. Babu yake alikuwa mwalimu.

Mahakama ya hapa ilikataa kukipiga marufuku 2012, kwa hiyo hata nikikificha atakutana nacho tu. Mama yake anataka kitupwe. Mimi naona heri tukisome pamoja, ila naogopa kumtia uchungu mapema. Wazazi mliopitia hili, mlianzia wapi?