Tupeane uzoefu: mtu usiyemjua alikushika mkono siku gani?

Mama Pacha, Nakuru
Leo asubuhi nimepanda gari la Kisumu. Makanga akakusanya nauli, akafika kwa mama mmoja aliyempakata mtoto mgonjwa, akapokea pesa, kisha akamrudishia mia mbili. "Mama, hiyo utamnunulia maziwa." Basi. Akaendelea na wengine. Mimi nikageukia dirisha na nimelia hadi Salgaa.

Machi 2014 nilitoka Nakuru na mtoto wa miezi saba. Mume alikuwa ameacha kushika simu, nyumba imefungwa kwa kufuli ya landilodi. Nilikuwa na shilingi 450 na nia ya kufika kwetu Ahero. Njiani nikaambiwa nauli imepanda kwa sababu ya mvua. Nikasihi hadi koo likakauka. Kericho nikateremshwa, saa moja usiku, na ile mvua yao mnaijua.

Kulikuwa na mama anachoma mahindi chini ya mwavuli uliokatika mbavu mbili. Hakuniuliza kitu. Alisogeza debe aliloketi, akaniambia kaa. Akavua sweta yake, ya kijani, kifungo cha pili hakipo, akamfunga mtoto. Akamshika nyayo, akaziweka karibu na jiko, akawa anazigeuza pole pole kama anavyogeuza mahindi. Mtoto akaacha kutetemeka. Kisha akafungua fundo kwenye pembe ya leso, akanihesabia mia tatu za noti za hamsini hamsini. Zilinuka moshi. Nikaomba namba yake nimrudishie. Akasema, "Simu haina chaji. Gari hilo linajaa, enda."

Nilirudi 2017. Pale pembeni palikuwa na kibanda cha simu. Jina lake sijui mpaka leo. Nani mwingine ana deni kama hili?

Mwalimu Mstaafu
Kericho na mvua ya jioni. Nimekuelewa, binti yangu.

Fundi wa Kondele
Mimi ni 2020, wakati wa kafyu ya saa moja jioni. Dada yangu alishikwa na uchungu saa tatu usiku. Kila mwenye boda niliyempigia alisema anaogopa kizuizi. Nikatoka barabarani kupiga kelele tu. Kijana mmoja akafungua mlango, hata shati hajavaa, akatoa pikipiki ndani ya nyumba. Tulipita njia za nyuma taa imezimwa, mimi nimemshikilia dada kutoka nyuma. Tulipofika nikatoa pesa. Akasema, "Hesabu tutafanya siku huyu mtoto ataoa." Mtoto ni msichana, sasa anajua kuandika jina lake.

Karani wa Soko
Hadithi nzuri, lakini tuambiane ukweli. Hapo hapo steji ya Nakuru kuna mama na karatasi ya hospitali ile ile tangu mwaka juzi. Mimi nimempa mara tatu. Mtoto kila mara ni mwingine.

Mama Pacha, Nakuru
Wangu alikuwa na homa. Yule mama wa mahindi angefikiria kama wewe, sijui ningekuwa wapi.

Karani wa Soko
Sijakusema wewe, dada. Nasema tu watu waangalie.

Baba Neema
Mwangalie, lakini mpe. Mimi hutoa hamsini. Akiwa mwongo nimepoteza hamsini.

Nyakwar Nyando
Kisumu, 2016, hospitali siitaji. Mke wangu ameruhusiwa lakini geti limekataa, bili imebaki 6,400. Jamaa aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili alinisikia nikibembeleza kwa simu. Akaenda kwenye dirisha la malipo, akarudi na risiti, akaiweka juu ya blanketi kama mtu anayeacha gazeti. Nilipotoka kumfuata kwenye korido hakuwepo.

Wakili Mdogo
Ndugu, Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua 2015 kwamba kumzuilia mtu hospitalini kwa sababu ya bili ni kinyume cha katiba. Ungedai haki yako.

Nyakwar Nyando
Sheria naijua sasa. Usiku ule nilijua geti limefungwa tu.

Mzee wa Molo
Sijawahi kuandika hili popote. Mwisho wa Januari 2008, Nakuru, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na dada yangu kumi na miwili. Tulikuwa tumekimbia kutoka nyumba iliyokuwa inaungua nyuma yetu, tukaruka ua la kwanza tuliloliona. Nyanya mmoja alikuwa anaanua nguo. Alituangalia, akaangalia moshi, akafungua mlango wa jikoni.

Tulikaa siku tatu nyuma ya magunia ya mkaa. Siku ya pili vijana walikuja na mapanga, nikasikia wakimuuliza ameficha nani. Alisema, "Humu ni wajukuu wangu. Ingieni mkitaka, lakini mtaanza na mimi." Sauti haikupanda hata kidogo. Wakaondoka. Baadaye akaja kutupa uji, na kikombe kilikuwa kinagonga kwenye sahani kwa vile mkono ulivyokuwa unatetemeka.

Maduka yalikuwa yamefungwa na vocha ilikuwa adimu. Simu yake ilikuwa na salio la shilingi ishirini. Akanipa nimpigie baba, akiwa na watoto wake mwenyewe ambao hajui waliko. Siku ya tatu alitupeleka hadi kwenye lori lililokuwa linasindikizwa na askari kwenda uwanja wa maonyesho. Dada hakuwa na viatu. Nyanya akavua vyake, vya plastiki vya bluu, akamvalisha, akamwambia asifungue macho njiani. Nilimtazama akirudi miguu mitupu kwenye vioo na majivu.

Fundi wa Kondele
Mzee. Nimeacha kazi nisome hii. Ulimpata tena?

Mzee wa Molo
Nilirudi 2011. Mpangaji mpya akasema alihamia kwa binti yake upande wa Busia.

Kijana wa Mbale
Alikuwa kabila gani?

Baba Neema
Unataka kabila la nini?

Kijana wa Mbale
Nauliza tu, sisi ni watu wazima.

Mzee wa Molo
Sitasema lake wala langu.

Mwalimu Mstaafu
Nenda kwa chifu au mzee wa mtaa wa pale alipokuwa. Mtu wa namna hiyo hasahauliki. Pia jaribu redio za huko Busia, matangazo yao yanasikika mpaka mashambani.

Karani wa Soko
Mwache. Mtu aliyetoa hivyo hangojei kulipwa.

Mama Pacha, Nakuru
Aliyesema alipwe ni nani? Anataka kumwona.

Baba Neema
Ukimpata mpelekee ng'ombe. Na viatu.

Mzee wa Molo
Dada yangu bado anavyo vile vya bluu. Amevifunga kwenye karatasi juu ya kabati.

Mama Pacha, Nakuru
Jumamosi nitashuka Kericho. Nimenunua sweta ya kijani.

Nyakwar Nyando
Usiulize wachoma mahindi wa sasa, wengi ni wageni. Uliza wanaouza mkaa, wao ndio wanajua nani alikuwa anakaa kona gani.

Mama Pacha, Nakuru
Asante, ndugu. Vifungo nimevikaza upya kwa uzi, vyote vitano.