Emacs yakwama nikiandika: ni ufagiaji wa taka au ni prosesi?

Mja wa Likoni
Assalam aleikum. Natumia Emacs 29 (kihariri cha msimbo) juu ya Linux, RAM 8 GB. Nikifungua mradi wa TypeScript kwa eglot (kiunganishi cha Emacs na seva ya lugha, programu inayokagua msimbo), kishale chasimama kama foleni ya feri saa kumi na moja jioni. Nimepandisha gc-cons-threshold, kiasi cha kumbukumbu kabla Emacs haijafagia taka, hadi baiti 100,000,000. Sasa haikwami mara kwa mara, lakini ikikwama, yakwama kwelikweli. Nianzie wapi?

Fundi wa Kibokoni
Waaleikum salaam. Yakhe, pima kwanza, dawa baadaye. Bonyeza M-: (Alt pamoja na :) usome `gcs-done` (zamu za kufagia), kisha `gc-elapsed` (sekunde zilizotumika). Andika msimbo dakika moja, usome tena. Sekunde zilizoongezeka kwenye `gc-elapsed` ndizo ulizonyang'anywa na ufagio (GC: Emacs ikiondoa data isiyotumika tena). Zikiwa chini ya nusu sekunde, mwizi ni mwengine.

Hiyo milioni 100 ndiyo iliyokuzidishia. Emacs ikifagia husimamisha kila kitu, na taka ukiziacha zilundikane, kila zamu huwa ndefu. Thamani ya asili ni 800,000, ndogo mno kwa kazi ya leo. Weka kama milioni 16, upime upya.

Halafu `M-x profiler-start`, chagua cpu, andika kidogo, kisha `M-x profiler-report`. Tazama mstari wa Automatic GC una asilimia ngapi, na jsonrpc (mazungumzo na seva ya lugha) ngapi.

Mja wa Likoni
Kwa dakika moja: zamu 3, sekunde 2.4. Automatic GC 31%, jsonrpc 44%.

Bi Kisauni
Sekunde 0.8 kwa zamu, lazima uzione. Lakini hayo mawili ni ndugu. Katika Emacs 29 `read-process-output-max`, kiasi cha juu cha kusoma kwa mara moja kutoka kwa prosesi (programu inayoendeshwa na Emacs), ni baiti 4096, kwa hivyo jibu la MB 1 kutoka kwa seva ya lugha husomwa vipande visivyopungua 256. Kila kipande ni stringi mpya, na kila stringi ni taka ya kesho. Tia kwenye init.el, faili ya mipangilio ya Emacs:

`(setq read-process-output-max (* 1024 1024))`

Kisha `M-x eglot-reconnect`. Usiiruke hatua hii: ukubwa wa paipu (njia ya data kati ya Emacs na seva) hupangwa prosesi inapozaliwa, iliyo hai haibadiliki. Wala usipite 1048576 bila kutazama `/proc/sys/fs/pipe-max-size`; kwa kawaida huo ndio mwisho kwa mtumiaji asiye root (msimamizi wa mfumo).

Fundi wa Kibokoni
Naam, na logi ya eglot usiisahau. Huhifadhi hadi herufi 2,000,000 za mazungumzo na seva, na kuyapamba ili yasomeke, kazi bure kama husomi. `(setq eglot-events-buffer-size 0)`, uunganishe upya. Matoleo mapya ya eglot yataka `eglot-events-buffer-config` badala yake.

Ikibaki nzito baada ya hapo, `M-x memory-report` itakutajia bafa (maandishi yaliyofunguliwa ndani ya Emacs) zilizonenepa.