Kijana wangu ni mashoto na anachelewa kuongea, nimfunge mkono ama niache?

Baba_Kijana: Wazee habari za jioni, niko Kisumu, Nyalenda. Kijana wangu ana miaka minne na kila kitu ni kushoto, kijiko, mpira, hata kubisha mlango. Maneno ni machache, maji anaita "aji". Mamangu amefika kutoka ushago anasema huo mkono ndio umefunga ulimi. Nishaurini.

Omena_Kavu: Mimi ni mashoto, mwalimu alinichapa vidole na rula mpaka nikahamia kulia. Ulimi haukuguswa, muulize bibi yangu, analia eti nyumbani sinyamazi.

Sister_Baraka: Simu hizo. Zima simu, mpeleke aombewe.

Zamu_ya_Usiku: Mkono haufungi ulimi bana. Mashoto ni kama mmoja kwa kila watu kumi. Tangu Broca, daktari wa Ufaransa, aeleze mgonjwa wake wa 1861 aliyebaki kusema "tan" tu, inajulikana lugha kwa wengi hukaa kushoto mwa ubongo, hata mashoto kama saba kwa kumi. Apimwe masikio kwanza. Lakini hauulizi bure, familia ikoje?

Baba_Kijana: Sawa, niseme. Marehemu babangu alikuwa anasikia sauti, anajibizana na redio imezimwa. Naye mashoto. Halafu nikasoma Tim Crow, daktari wa akili wa Oxford, eti skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, ndio bei binadamu alilipia lugha, ubongo ulipogawana kazi kushoto na kulia. Sijalala vizuri tangu hapo. Mkono una soksi tangu Jumatatu, si kamba, soksi tu, na halii sana.

Omena_Kavu: Kumbe ushafunga! Ulikuja kuuliza nini sasa?

Zamu_ya_Usiku: Crow alitafuta jeni moja, yaani kitu kimoja cha kurithi kinacholeta ugonjwa huo, haikusimama. Utafiti mkubwa wa 2022 ulipata sehemu 287 za vinasaba, kila moja inasukuma kidogo tu. Na mzazi akiugua, mtoto wake ndiye hatari yake inafika kama mmoja kwa kumi, mjukuu ni chini ya hapo. Mtoto wa huyo mzee ni wewe ndugu, si kijana. Wewe unalala?

Mzee_wa_Pembeni: Hii hadithi mwaka jana ilikuwa msichana wa Nakuru na leso. Leta picha.

Baba_Kijana: Picha ya mtoto siweki hapa. Soksi ni ya shule, ya kijivu. Ameitoboa kwa kidole gumba na sasa anachotea ugali na hicho kidole, mamangu anasema tutafute nzito.