Injini ya meli ya angani katika riwaya: g 1 safari nzima, inakubalika?

mwanariwaya
Wakuu, habari. Naandika riwaya ya kisayansi, mwaka 2240. Meli ya mizigo ya tani 1,000 (bila mafuta) inakwenda Mirihi kwa injini ya fyusheni (inayounganisha viini vya atomi), gesi inatoka nyuma kwa kilomita 100 kwa sekunde. Injini inawaka safari nzima kwa mchapuko wa g 1 (sawa na mvuto wa Dunia, mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde): nusu ya njia inaongeza kasi, katikati meli inageuka, nusu iliyobaki inafunga breki. Hivyo watu wanatembea sakafuni kama kawaida. Meli inaruka moja kwa moja kutoka Malindi. Panavuja wapi?

kokotoa
Panavuja kwenye mafuta, mkuu, tena vibaya.

Chukua Mirihi ikiwa karibu kabisa, kilomita milioni 56. Gawanya umbali (kwa mita) kwa mchapuko, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili: unapata saa 42. Muda huo mara mchapuko unakupa jumla ya mwendo ambao injini inatakiwa kuuzalisha, kama kilomita 1,480 kwa sekunde. Sasa mlinganyo wa Tsiolkovsky, unaotoa uwiano wa uzito wa roketi ikiondoka na ikifika: 1,480 gawanya kwa 100 ni 14.8, na e (2.718) kwa kipeo cha 14.8 ni kama milioni 2.7. Kila tani inayofika Mirihi iliondoka ikiwa tani milioni 2.7!

Shusha hadi g 0.01. Muda unaongezeka mara kumi tu, siku 17 na nusu. Mwendo unaotakiwa ni kilomita 148 kwa sekunde, uwiano 4.4. Meli yako inaondoka na tani 4,400, na msomaji mwenye kikokotoo hana la kukuuliza. Usishuke mpaka g 0.001 ukitumia hesabu hii, kwa sababu hapo mvuto wa Jua kwenye njia ya Dunia (0.006 m/s²) unaanza kushindana na injini yenyewe (0.0098) na njia haiwi mstari ulionyooka tena.

mwanariwaya
Nikiibakiza g 1 lakini gesi nikaipandisha hadi kilomita 1,500 kwa sekunde?

rejeta_kwanza
Mafuta yanatosha, uwiano unakuwa 2.7. Joto ndilo linalokuua. Nguvu ya injini ni nusu ya msukumo mara kasi ya gesi. Tani 2,700 kwa g 1 zinataka nyutoni milioni 26, hivyo terawati 20. Hayo ni kama matumizi ya nishati ya dunia nzima ya leo, ndani ya meli moja ya mizigo.

Tuseme ni asilimia 1 tu inayobaki melini kama joto: gigawati 200. Kwenye ombwe hakuna hewa wala maji ya kulibeba, linatoka kwa mnururisho peke yake. Rejeta (bapa la kutolea joto nje) yenye kelvini 1,300 inatoa kilowati 162 kwa kila mita ya mraba, pande mbili 324. Utahitaji hekta 61 za rejeta. Ukirudi kwenye g 0.01 na gesi ya kilomita 100, meli ikiwa imejaa, inatosha mita za mraba 670. Hiyo inachoreka.

Usiipoze rejeta ili ionekane salama. Mnururisho unakwenda kwa kipeo cha nne cha halijoto: ukipunguza kelvini kwa nusu, eneo linazidi mara 16. Iache iwake nyekundu. Mabapa yasitazamane, la sivyo yanapashana joto yenyewe kwa yenyewe, na ukingo wake ndio uelekee Jua. Ndani pitisha sodiamu au lithiamu iliyoyeyuka, mabomba yakigawanywa vipande vyenye vali, maana kijiwe kidogo kikitoboa kipande unafunga vali na kupunguza msukumo kwa kiwango hichohicho. Ukipunguza msukumo katikati ya breki, unaipita Mirihi. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipo na sura yako nzuri kuliko zote.

nyutroni14
Taja mafuta pia. Deuteri na triti (aina nzito za haidrojeni) huwaka kwa urahisi zaidi, lakini asilimia 80 ya nishati yake huondoka na nyutroni (MeV, kipimo cha nishati ya chembe, 14.1 kati ya 17.6). Nyutroni haina chaji, sumaku haiwezi kuielekeza nyuma, kwa hiyo ile asilimia 1 ya mdau hapo juu inakuwa ndoto. Tumia deuteri na heli-3 (aina nyepesi ya heliamu). Mazao yake ni protoni na heli-4, yote yana chaji. Nyutroni chache zitabaki kwa sababu deuteri hugongana yenyewe kwa yenyewe.

Heli-3 ni adimu duniani. Waliobuni Daedalus, mradi wa kusanifu chombo cha kwenda kwenye nyota uliofanywa na British Interplanetary Society kati ya 1973 na 1978, walipanga kuichota kwenye anga la Mshtarii. Anayeidhibiti anadhibiti bei ya kila safari kwenye riwaya yako.

Kinga ya mionzi ni nzito, kwa hiyo huwekwa kama ngao ndogo kati ya kinu na watu, na kinu kinasukumwa mbali kwenye mlingoti mrefu. Kivuli cha ngao kinalinda mbele tu. Meli nyingine isikusogelee ubavuni kinu kikiwaka.

mwanariwaya
Sawa, g 0.01 basi. Watu wataelea? Na Malindi?

kokotoa
Hawataelea. Kikombe kikidondoka kutoka urefu wa mita moja kitachukua sekunde 4.5 kufika sakafuni. Kwa afya ya mifupa weka gurudumu la nusu kipenyo mita 67, mizunguko 2 kwa dakika: g 0.3. Kumbuka sakafu yake iinamishwe kidogo, maana msukumo wa injini unavuta kuelekea nyuma.

Malindi ibakize, ila kwa vivuko vya roketi za kawaida. Injini ya g 0.01 hainyanyui meli kutoka ardhini hata sentimita. Pwani ile iko karibu na ikweta, mzunguko wa Dunia unakupa kama mita 460 kwa sekunde bure, na setilaiti ya Uhuru, ya kuchunguza mionzi-eksi ya angani, ilirushwa huko kutoka jukwaa la baharini la San Marco mwaka 1970. Injini kubwa iwashwe mbali juu, na mkia wake usielekee kwenye mzunguko wenye setilaiti za watu.