Tupeane uzoefu: fedha za mwanzo za biashara yenye manufaa kwa jamii mlizipataje?

Mwanzisha mada, Bwejuu

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba tuelezane jinsi kila mmoja alivyopata fedha za mwanzo kabisa, zile za kabla ya mauzo na kabla ya kujulikana, kwa biashara iliyokusudiwa kuwanufaisha wengi.

Sisi ni wanawake 14 tunaolima mwani, kilimo kilichoanza kibiashara katika pwani yetu ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Mwani mkavu tulikuwa tukimuuzia mnunuzi mmoja kwa bei aliyoipanga mwenyewe, na anayejua kuinama majini bamvua zima ataelewa kwa nini binti zetu hawakutaka kuirithi kazi hiyo. Tukaazimia kuusaga mwani na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi, kwa sharti kwamba kikundi kinunue mwani wa kila mwanachama kwa bei inayozidi ya mnunuzi yule.

Mtaji ulitoka katika sanduku letu la kuweka na kukopa, ambalo kwa kawaida huvunjwa na kugawanywa mwisho wa mwaka. Mwaka ule tulikubaliana tusigawane. Wawili walikataa kwa sababu walikuwa na ada za watoto, wakapewa chao bila lawama. Fedha zilitosha kununua mafuta, kostiki na vibao vya kukatia, lakini sabuni ya aina hii hukaa wiki 4 hadi 6 ikikomaa kabla ya kuuzwa, na hilo hatukulipigia hesabu. Mtaji wote ukawa umelala rafuni, nasi hatuna hata nauli ya kupeleka sampuli mjini.

Aliyetukwamua ni mwenye nyumba ya wageni ya jirani, aliyelipa kwa pamoja thamani ya vipande 300 ambavyo havijatengenezwa. Ustadhi wetu aliposikia alituambia kwamba hiyo ni biashara ya salamu, yaani kulipia leo mali itakayokabidhiwa baadaye, nayo inajuzu iwapo bei inalipwa yote siku ya kufunga mkataba, na sifa, kiasi na siku ya kukabidhi mali vimewekwa bayana. Katika karatasi yetu siku haikuwamo, wala uzito wa kipande. Tukaiandika upya.

Mchangiaji, Chake Chake

Waalaykumu salaam dada yangu. Mimi nilitaka kujenga meza za kukaushia dagaa zilizoezekwa kwa nailoni, ili kina mama wanaoanika chini mchangani wasipoteze mali kila masika yanapoingia. Benki moja ilinitaka dhamana ya nyumba ambayo si yangu peke yangu, bali ni ya urithi na haijagawanywa, kwa hiyo mlango huo ulifungwa siku ileile.

Mzee mmoja mfanyabiashara, rafiki wa marehemu baba, alikubali tufanye mudharaba: yeye mtaji, mimi kazi, faida tugawane 60 kwa 40, yeye akiwa na kubwa. Wengi husaini mkataba huu wakisoma mgawanyo wa faida tu. Hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji, na mfanyakazi hupoteza jasho lake, isipokuwa ikithibitika kwamba amezembea au amevunja masharti. Nalisisitiza hilo kwa sababu msimu wetu wa pili upepo uliing'oa nailoni usiku, mvua ikanyesha, na dagaa wa siku 3 wakaoza.

Mzee hakugomba. Aliuliza swali moja tu: nailoni ilikazwa lini mara ya mwisho? Nilikuwa na daftari, ambalo kwa kweli nililianza kwa kumwogopa yeye, lenye kila siku ya kazi, kila kamba iliyobadilishwa na kila kilo iliyoingia. Alilisoma kwa miwani yake kuanzia alasiri hadi karibu na magharibi, akalifunga, akasema hasara ni yake. Baada ya miezi miwili aliongeza mtaji wa kununua mabati, ingawa safari hii alitaka 70. Sikubishana.

Mchangiaji, Micheweni

Mimi nilijaribu Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, kwa ajili ya mizinga ya nyuki katika mikoko. Aliyeko Tanzania hawezi kufungua mchango pale, kwa hiyo alifungua binamu yangu anayeishi Uingereza, na ahadi zote kwa wachangiaji zikawa juu ya jina lake, jambo ambalo mkewe hakulipenda hata kidogo. Wao hukata asilimia 5, mbali na ada za malipo, na lengo lisipofikiwa hupati hata senti moja. Hatukulifikia.

Kilichofaa ni kundi la WhatsApp la watu wa kijiji chetu walioko nje: 9 walilipia mzinga mmoja mmoja. Kila mmoja akataka picha ya mzinga wake. Nyuki waliingia 6 na kuikataa 3, nami bado natafuta maneno ya kuwaeleza hao watatu.

Mchangiaji, Wete

Nilikataliwa ruzuku kwa sababu kikundi hakikuwa na usajili, nikapoteza mwaka mzima. Jisajilini mapema. Bibi wa Bwejuu, nina swali: sabuni isingekuwa tayari siku ya kukabidhi, zile fedha za mwenye nyumba ya wageni zingekuwaje?

Mwanzisha mada, Bwejuu

Ndugu wa Wete, swali hilo nilimuuliza ustadhi pia. Mnunuzi ana hiari: angoje mpaka mali ipatikane, au arudishiwe fedha alizotoa bila ya nyongeza. Sisi tulichelewa siku 8 kwa sababu ya mvua. Alichagua kungoja, na tangu hapo hulipa nusu ya oda kwa salamu na nusu kwa vipande vilivyokwisha komaa, ambavyo huja kuvinusa mwenyewe.