Naombeni ushauri: bosi anapiga simu saa 5 usiku, mfululizo, bila salamu. Nimzuieje asijue?

#1 Mlinda Kaunta
Wakuu, habari za usiku. Nasimamia duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Kaunta tuko wawili, mimi na binti wa keshia. Simu zinaniandama pande zote.

Mchana binti anaongea na kila mtu kwa spika. Mteja kasimama anasubiri risiti ya misumari, anasikilizishwa ugomvi wa kikoba cha watu asiowajua. Usiku ni zamu ya bosi. Anapiga saa 5, nimeshalala. Hakuna haloo, hakuna habari za huko. Ukipokea tu: "Nondo za 12 zimebaki ngapi?" Usipopokea anapiga tena na tena, wiki iliyopita nilihesabu mara saba. Akishajibiwa ya stoo anauliza kama mtoto kameza dawa, halafu anakata nikiwa katikati ya neno.

Waifu amechoka, anataka simu ilale sebuleni. Naomba kitu kimoja tu: namna ya kuizuia hiyo namba usiku bila mwenyewe kugundua. Ushauri wa kuacha kazi sihitaji.

#2 Fundi wa Ghorofani
Naanza na binti, huyo ana tiba nyepesi. Wengi wanaoongea kwa spika si kwamba wanapenda, sikio la simu limeziba. Kile kiwavu chembamba juu ya kioo kinakusanya vumbi, jasho na poda, na kwenye duka la saruji ndiyo usiseme: vumbi la saruji likikutana na jasho linaganda humohumo. Chukua mswaki mpya, mlaini, mkavu. Inamisha simu kiwavu kitazame chini ili uchafu udondoke, sugua taratibu kwa dakika moja. Usichokonoe kwa pini, utatoboa kiwavu na vumbi litafika kwenye spika yenyewe. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate.

Kagua na protekta. Zile za kubahatisha tundu lake halilingani na simu, linafunika nusu ya sikio pamoja na kihisi kilicho jirani yake. Matokeo yake ukiitoa simu sikioni kioo kinabaki cheusi na huwezi kukata. Mtu likimkuta hilo mara tatu anahamia spika moja kwa moja.

#3 Mzee wa Mtelemko
Nunua kitochi, weka laini ya bosi, kizike kwenye mfuko wa saruji. Aongee na 42.5.

#4 Dada Mapokezi
Ukimzuia, upande wake simu itakuwa inaita kidogo na kukatika, au anaambiwa inatumika, na itakuwa hivyohivyo kila usiku. Mpigaji wa mara saba atashtuka siku ya kwanza, ataazima simu ya jirani ahakikishe. Tumia Usisumbue. Ingia Mipangilio, sehemu ya sauti, weka ratiba saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Kwenye wanaoruhusiwa acha wenye nyota tu: mzazi, ndugu wa karibu, jirani mwenye gari.

Halafu zima kipengele cha wanaorudia kupiga. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kisha wanalaumu simu. Kwenye Android kikiwa kimewashwa, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 simu inalia. Kwenye iPhone ni dakika 3. Kimewekwa kwa ajili ya dharura, ila kwa bosi wako huo ni mlango uliorudishiwa tu. Ukikizima, kwenye Android kwake inaita hadi mwisho kama kawaida. Umelala, basi.

Na usisubiri aulize. Anayepiga saa 5 kuulizia nondo hana hesabu mkononi. Saa 12 jioni, kabla hujafunga, tuma ujumbe, kila siku kwa mpangilio uleule:

"Shikamoo. Saruji 42.5 mifuko 64, 32.5 mifuko 110. Nondo 12: 118. Nondo 16: 40. Bati geji 30: 75. Taslimu 1,840,000. Kwa simu 620,000. Madeni: fundi wa Goba, mifuko 6."

Madeni usiyaruke. Hayo ndiyo yanayomnyima usingizi.

#5 Bi Mkubwa wa Shangani
Hodi ni tatu, wanangu. Na simu nayo ni hodi. Iache iite mpaka ikatike yenyewe, hiyo moja. Ngoja kidogo, ya pili. Ngoja tena, ya tatu. Kimya? Andika ujumbe uondoke. Mara saba huko ni kusukuma mlango wa watu.

Wewe nawe mpokeaji, usingoje kuulizwa. Ukibonyeza tu, tangulia: "Shikamoo." Hata mwenye haraka ya vipi atasema marahaba, na akishasema marahaba sauti yake hushuka.

#6 Kinyonga wa Tabata
Subirini kwanza. Bosi gani anauliza kama mtoto kameza dawa? Na Bi Mkubwa anakwambia umwamkie, wala hujashangaa. Huyo ni nani yako?

#7 Mlinda Kaunta
Swali langu ni la kuzuia namba. Dada Mapokezi, asante, hiyo ya dakika 15 sikuijua. Nikiwasha Usisumbue, WhatsApp nayo inanyamaza?

#8 Dada Mapokezi
Simu za WhatsApp nyingi zinanyamaza nazo, ila kagua kama programu hiyo haijapewa ruhusa ya kupita Usisumbue. Sasa mjibu Kinyonga.

#9 Mlinda Kaunta
Haya. Ni mama mkwe. Duka ni lake. Sikudanganya popote, mshahara ananilipa yeye, kwa hiyo ni bosi. Niliona nikimtaja hivyo mtaanza mambo ya ukoo badala ya kunisaidia.

#10 Mzee wa Mtelemko
Mfuko mmoja hautoshi. Chukua tani.

#11 Mwana wa Mtende
Vijana wa leo mnatia aibu. Mama kakupa binti, kakupa na kazi, wewe unatafuta kitufe cha kumnyamazisha. Zamani mkwe akipita unakaa pembeni ya njia mpaka apite.

#12 Mzee wa Mtelemko
Zamani mkwe alikuwa hana kifurushi cha usiku.

#13 Dada Mapokezi
Kumbe. Basi kwa mkwe sifuti, narekebisha. Huyu mpe nyota, kwa sababu usiku akipiga anaweza kuwa anaumwa kweli. Kinachotakiwa ni kutenganisha duka na nyumba. Laini ya duka iwe kwenye kitochi, kitochi kilale kwenye droo ya kaunta, droo ifungwe saa 12 jioni. Simu yako ibaki ya familia. Apewe utaratibu mara moja, kwa upole: "Mama, ya duka tupigie namba ya duka, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ya mtoto piga hii, saa yoyote." Akiulizia nondo usiku kwenye ya familia, jibu ni lilelile kila mara: "Daftari limebaki kaunta, mama, asubuhi saa 2 nakutumia." Usikadirie kichwani. Ukikadiria siku moja umekwisha, kesho anapiga tena kwa sababu jana ulijua.

Na maneno haya ayaseme mkeo. Mkwe haambiwi na mkwe.

#14 Mlinda Kaunta
Hapo kwa mke ndipo penyewe. Nimeshafanya kitu tayari. Kijana wa vocha alinisaidia kuhamisha simu zangu, ile daivati, ziende kwa waifu nikiwa sipatikani. Ni ile ya nyota 67. Niliona busara, mtu na mama yake wamalizane. Jumamosi saa 4 usiku nikazima simu, nikalala. Asubuhi mke haongei na mimi hadi leo. Ila wazo lenyewe mtakubali lilikuwa zuri, limeharibika kwenye utekelezaji.

#15 Fundi wa Ghorofani
Wazo halikuwa zuri. Daivati ya mtandao haichagui mpigaji. Ukiiweka, dalali wa mchanga, mteja wa bati, mtu wa benki, wote wanaangukia kwa mkeo. Na kipande cha pili cha simu, kutoka kwako kwenda kwake, kinakatwa kwenye salio lako. Kama vocha imekuwa ikiyeyuka tangu hapo, sababu ni hiyo.

Halafu hata Usisumbue aliyokupa Dada haitafanya kazi daivati ikiwepo. Simu ikiita bila kupokelewa, baada ya sekunde kadhaa inahamia upande wa pili wa kitanda.

#16 Kinyonga wa Tabata
Hii ni chai, na mpishi kasahau majani. 67 inahamisha simu pale tu laini yako inapotumika au ukimkatia mpigaji. Jamaa anasema alizima simu. Simu iliyozimwa ni 62. Angekuwa na 67 peke yake, mama mkwe angeambiwa namba haipatikani, angelala, na tusingekuwa na uzi. Kwanza alificha mkwe, sasa ana daivati inayofanya kazi kwenye simu iliyozimwa. Mods, pelekeni jukwaa la hadithi.

#17 Mzee wa Mtelemko
Nilishakaanga na maandazi kabisa.

#18 Mwana wa Mtende
Nilijua. Hakuna mkwe wa hivyo.

#19 Mlinda Kaunta
Nipike chai ili nipate nini? Kijana ndiye aliyebonyeza, mimi nilimwona anaanza na nyota. 67 nimeitoa kwenye mtandao leo nikitafuta namna ya kuitoa.

#20 Fundi wa Ghorofani
Tusibishane, laini itasema yenyewe. Ipo nyingine, **004* namba kisha #, inaweka hali zote tatu kwa mpigo: inatumika, haijibiwi, haipatikani. Vijana wa vocha wanaipenda kwa sababu ni mara moja umemaliza. Mlinda Kaunta, piga *#62# halafu *#67#, utuandikie kilichotokea. Namba usiiweke hapa.

#21 Mlinda Kaunta
*#62#: sauti imehamishwa, namba ni ya mke. *#67#: vilevile. Chini yake kuna data na faksi, zenyewe hazijahamishwa.

#22 Mzee wa Mtelemko
Mama mkwe atume faksi basi.

#23 Kinyonga wa Tabata
Sawa, ni 004. Chai narudisha nusu kikombe. Nusu nabaki nayo kwa sababu moja: simu ya mama kumfikia binti yake si kosa. Mke ananuna siku kadhaa kwa lipi?

#24 Mlinda Kaunta
Nimeeleza kwamba bosi hasalimii. Hangoji hata kusikia ni nani kapokea. Mke kaona jina la mama yake kwenye kioo, kapokea na usingizi, kasema "mmh". Mama akamimina: "Ile laki nane unaanza kurudisha lini? Na mwenzio asijue, kama tulivyokubaliana." Akakata.

Nilikopa mwezi wa tatu, nikanunua guta la kupelekea mizigo kwa wateja. Guta lipo na linaingiza hela. Nilipanga nimwambie likishajilipa. Kwa hiyo siyo kwamba nilificha, nilikuwa nasubiri hesabu ikae sawa.

#25 Kinyonga wa Tabata
Nusu iliyobaki chukua. Hii mtu hatungi.

#26 Msomaji wa Usiku
Nimesoma bandiko la kwanza tu. Kuhusu binti wa spika: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu kunavuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, kwa sababu akili inahangaika kubashiri neno linalofuata. Kwa kipimo hicho spika ni afadhali kidogo. Lakini mteja wa misumari hakuja kusikia kikoba, na anayeongea upande wa pili hajui kwamba anasikilizwa. Angalau binti amwambie: "Uko kwa spika, nina watu."

#27 Fundi wa Ghorofani
Turudi kwenye tatizo. Piga ##002#. Hiyo inafuta daivati zote. Usiamini ujumbe wa kwanza, kagua *#21#, *#61#, *#62# na *#67#, zote nne zikujibu haijahamishwa. Kisha zima simu, washa, mwambie mtu akupigie, usipokee. Ikiita hadi mwisho bila kulia kwa mkeo, imetoka. Na kuanzia leo asibonyeze mtu nyota yoyote kwenye simu yako huku wewe unahesabu chenji.

#28 Mlinda Kaunta
Zote nne safi. Sasa mke nimuanzeje? Nilifikiria nimtumie ujumbe mrefu kwanza apoe.

#29 Bi Mkubwa wa Shangani
Ujumbe wa nini, na mnalala chumba kimoja? Kakae naye, simu zenu zote mbili ziweke kifudifudi. Mpe daftari la guta mkononi: limenunuliwa kiasi gani, linaingiza kiasi gani kwa wiki, umeshamrudishia mama kiasi gani. Kama ni sifuri, sema sifuri.

#30 Dada Mapokezi
Na mama naye ajue kwamba alipokea binti yake. Mpaka sasa anadhani siri ipo.

#31 Mlinda Kaunta
Huyo anapiga sasa hivi. Ya pili hii. Mke yuko macho ananiangalia.

#32 Bi Mkubwa wa Shangani
Pokea. Tangulia wewe kuamkia.

#33 Mzee wa Mtelemko
Weka spika.

#34 Kinyonga wa Tabata
Dakika arobaini kimya. Mrejesho?

#35 Mjenzi wa Chanika
Samahani wakuu, hizo bati geji 30 mnauzaje? Na hilo guta linafika Chanika?