Cheti cha CDRS, kozi fupi ya mtandaoni au masters: kipi kina thamani kwa mtu wa utengamao Dodoma?

Binti_Makulu (mleta mada)
Wakuu heshima kwenu. Naomba ushauri, tena wa haraka maana usajili wa kozi mojawapo unafungwa mwisho wa mwezi. Niko upande wa utengamao hapa Dodoma. Nataka nijikite kwenye kuwarudisha wagonjwa kwenye usukani: waliopata kiharusi, waliokatwa mguu, walioumia uti wa mgongo. Nimebakiza njia tatu mezani. CDRS, kile cheti cha ubingwa cha Marekani kinachotolewa na ADED, chama cha wataalamu wa kazi hiyo. Au kozi fupi ya mtandaoni, unasoma, unapewa cheti cha ushiriki, yanaisha. Au niachane na vyote niende masters. Kipi kina thamani? Hela ipo ila si ya kuchezea.

Mzee_wa_Ilazo
Upande wa utengamao ndiyo nini? OT (tiba kwa vitendo), fizio, au unatengeneza miguu bandia? Serikalini au binafsi? Bajeti shilingi ngapi? Umekuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

Nkuhungu_Boy
Masters. Bongo bila masters hupandi. Hivyo vingine ni vya kutundika ukutani.

OT_wa_Moshi
Jibu kwanza maswali ya Mzee. Wakati tunasubiri niweke jambo moja sawa, maana naona linachanganya wengi. CDRS si kozi. Ni mtihani. ADED wapo tangu 1977 na hawakufundishi kuanzia sifuri kisha wakupe cheti. Wanataka uwe umeshaifanya hiyo kazi ya madereva kwa masaa ya kutosha, ndipo ukae kwenye mtihani. Ukishinda, unakihuisha kila baada ya miaka 3 kwa kuonyesha umeendelea kusoma. Na si cha OT peke yetu, hata mwalimu wa udereva mwenye uzoefu anaweza kukipata. Sasa dada, hayo masaa Dodoma utayapatia wapi na nani atakusimamia?

Binti_Makulu
Samahani wakuu, niliandika nikiwa kwenye daladala. Ni OT, hospitali binafsi (sitaitaja). Bajeti milioni tano kwa kubana sana. Suala la masaa ndipo ninapokwama, kwetu hakuna kitengo cha hivyo. Lakini wagonjwa wapo. Kila wiki kuna mtu ananiuliza "nitaendesha lini?" Daktari anamwambia kamuulize OT, mimi namwambia kamuulize daktari. Mwisho anaenda kumuuliza shemeji yake, anapewa ufunguo.

Mzee_wa_Ilazo
Hapo sasa tumeelewana.

Tiba_Mkono
Dada achana na magari kabisa. Soma tiba ya mkono. Ajali za bodaboda haziishi, vidole vinakatika kila siku, na huhitaji kifaa kikubwa zaidi ya plastiki ya kuundia splinti za kushikilia mkono na maji ya moto. Mwaka huohuo unaanza kuona matunda.

OT_wa_Moshi
Tiba_Mkono kila uzi unakuja na mkono wako. Mada ni madereva.

Fundi_Majengo
Mimi si mtu wa hospitali, ni fundi, ila hili linanihusu. Nimeshawafungia watu vyuma vya kuendeshea kwa mkono, unasukuma breki, unavuta mafuta. Aliyekatwa mguu wa kulia namhamishia pedeli ya mafuta kushoto. Hakuna aliyewahi kuniletea cheti cha Marekani. Mteja anakuja, namuuliza mguu gani haufanyi kazi, jioni anaondoka na gari.

OT_wa_Moshi
Fundi, heshima yako. Hiyo pedeli ya kushoto, mke wake akitaka kuendesha gari hilohilo inakuwaje?

Fundi_Majengo
Anazoea.

OT_wa_Moshi
Anazoea siku ya ngapi? Mtu mwenye miguu miwili miaka yote anajua mafuta yako kulia. Mguu wake wa kushoto ukitafuta pa kupumzika unaangukia kwenye mafuta. Ndiyo maana pedeli ya namna hiyo inatakiwa iwe ya kukunja au kuchomoa, na ile ya kulia iwekewe kizuizi mlemavu anapoendesha. Na huyo mteja wako wa jioni kafanya mazoezi wapi ya kutumia mguu mwingine? Hapo ndipo kazi ya mtaalamu inapoanzia. Kufunga chuma ni sehemu ndogo.

Fundi_Majengo
Ya kukunja nimekuelewa. Nitaijaribu.

Mnyaturu_Og
Ngoja niseme yangu, naona mnajadili vyeti tu. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa lori, njia ya Singida kuja Dodoma hadi Moro. Akapigwa na kiharusi. Akalazwa, akafanya mazoezi, mkono wa kushoto ukarudi, mguu ukarudi, akawa anaenda sokoni mwenyewe. Hospitali wakampima presha, wakamkamatisha mikono akawabana vizuri, wakamwambia mzee uko fiti. Hakuna aliyemkalisha kwenye gari hata lililozimwa.

Nyumbani dalili tulikuwa tunaziona na kucheka. Anakula wali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto anauacha. Ukimgeuzia sahani anasema "mmeniongeza?" Ananyoa ndevu shavu moja. Tukasema uzee huo.

Siku anatoka kwa mara ya kwanza na gari dogo la nyumbani nilikaa naye mbele, maana yake niko kushoto. Toka tunaiacha Manyoni gari linavutwa kushoto. Tairi zinaingia kwenye changarawe, analirudisha, baada ya muda linaenda tena. Namwambia "baba mdogo, kushoto", anajibu "naona". Kufika maeneo ya Bahi kuna bwana na baiskeli, kapakia magunia ya mkaa. Kioo chetu kikalifyeka gunia, bwana akaingia mtaroni na baiskeli yake. Mzee hakusimama. Msidhani alikimbia. Hakujua kabisa! Nilipomwambia simama akaniuliza kwa nini.

Yule bwana alichubuka tu, Mungu mkubwa. Tukalipa matibabu, baiskeli na mkaa, na habari za polisi siwaelezi maana ni uzi mwingine. Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo wanagombana nani alimpa mzee ufunguo, na hakuna hata mmoja anayeuliza nani alimwambia yuko fiti.

Mama_K
Pole sana. Hilo la sahani limenitisha, nina mjomba anafanya hivyohivyo.

OT_wa_Moshi
Mama K, mjomba asiguse usukani kwanza, apelekwe akapimwe. Hali hiyo mara nyingi inatokana na kiharusi kilichopiga ubongo upande wa kulia. Macho yanaweza kuwa mazima kabisa, ila ubongo hauupi uzito upande wa kushoto. Na kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo watembea kwa miguu, baiskeli na bodaboda waliopaki wote wako upande huo asioujali. Aliyepoteza nusu ya uwanja wa kuona ni tofauti, huyo mara nyingi anajua na anajitahidi kugeuza kichwa, ingawa Uingereza naye kwa kawaida hawamruhusu, maana wanataka uwanja wa kuona wa angalau nyuzi 120.

Uingereza hiyohiyo, ukipata kiharusi gari dogo unaacha kwa mwezi mmoja kwanza. Lori na basi ni mwaka mzima. Baba mdogo wa Mnyaturu angekuwa kule asingeligusa lori kwa mwaka, kisha wangemtazama upya.

Nkuhungu_Boy
Kule ni kule. Hapa mtu akikaa mwezi bila kuendesha watoto wanakula nini?

Mnyaturu_Og
Na wa yule wa mkaa wanakula nini?

Dr_Chimwaga
Nawasoma tangu mwanzo. Kwa upande wa daktari nakiri tunaandika "fit" kwa kuangalia nguvu ya misuli, presha na kusoma herufi ukutani. Muda wa kliniki haututoshi. Kama angekuwepo OT wa kumpelekea mgonjwa wa aina hii ningempelekea kesho, na sitamuuliza cheti kimetoka Marekani au Kongwa. Nitamuuliza anapima nini.

Binti_Makulu
Asante daktari. Hapo ndipo roho yangu ilipo. Kwa sasa naweza kupima umakini, kumbukumbu, kasi ya kuitikia, ule mtihani wa kuunganisha namba na herufi kwenye karatasi, uwanja wa kuona kwa mkono, shingo na viungo. Je, hivyo havitoshi kuanzia?

OT_wa_Moshi
Vinatosha kumzuia aliye wazi kabisa kuwa hawezi. Kumruhusu havitoshi. Kuna watu wanafeli karatasi kwa sababu waliacha shule darasa la nne, ila wameendesha miaka thelathini na barabarani wako salama. Na kuna msomi anayepata yote kwenye karatasi, ukimweka mzunguko wenye magari anaganda. Lazima uwe na kipimo cha barabarani, gari lenye breki mbili, ya pili iwe ya mwalimu wa udereva kiti cha pembeni. Wewe unakaa nyuma unaandika.

Kwa hiyo ushauri wangu: hiyo milioni tano usiipeleke Marekani. Chukua kozi fupi ili upate msingi, halafu kubaliana na shule ya udereva yenye gari la breki mbili, uwakodishe kwa saa. Masaa yako yaanzie hapo.

Mzee_wa_Ilazo
Napinga kidogo. Kozi fupi za mtandaoni nyingi ni biashara. Mpwa wangu alichukua moja (si ya madereva), kupeleka cheti kwa mwajiri akaambiwa "hiki ni risiti". CDRS angalau una mtihani wa kweli nyuma yake, mtu akikuita mahakamani kwenye kesi ya ajali una pa kusimama. Kesi zitakuja, msijidanganye. Umemruhusu mtu, kagonga, wakili wa kwanza atauliza wewe ni nani hadi umruhusu.

OT_wa_Moshi
Hoja nzuri hiyo. Ila mtihani wenyewe umejaa mambo ya kule. Magari yao usukani kushoto, vani zenye lifti ya kiti cha magurudumu, sheria za majimbo yao. Hapa mgonjwa wangu ana Toyota IST iliyotumika.

Mzee_wa_Ilazo
Ubongo wa kiharusi hauna usukani kushoto wala kulia.

OT_wa_Moshi
Umetoka kusoma habari ya Mnyaturu au umeruka?

Mzee_wa_Ilazo
😂 Nimeisoma. Hilo moja umenipata.

Nkuhungu_Boy
IST ni auto. Mgonjwa wa kiharusi apewe auto tu, mjadala uishe. Manyuo ni mateso hata kwa mzima.

Fundi_Majengo
Auto inaua ufundi wa dereva. Manyuo inakufanya uwe macho.

Kijana_wa_Bahi_Road
Mmesahau bajaji. Walemavu wengi mjini hapa hawana IST, wana bajaji au wanaitaka. Mafuta yako kwenye mkono, klachi na gia mkono, kilichobaki kwa mguu ni breki tu. Ukihamishia breki mkononi, mwenye miguu isiyofanya kazi anaingia kazini. Kama dada anataka wateja aanzie hapo, asisubiri mabosi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, wapate kiharusi.

Dr_Chimwaga
Hii ndiyo hoja bora kuliko zote humu.

OT_wa_Moshi
Nakubali, kwa sharti. Aliyeumia uti wa mgongo juu ya kiuno hana uwezo wa kujishikilia kwenye kona, anahitaji mkanda wa kifuani na kiti chenye mgongo. Na makalio yasiyo na hisia yakikaa siku nzima kwenye kiti cha bajaji yanapata vidonda. Hayo fundi hayaoni, OT anayaona.

Fundi_Majengo
Mto wa sponji naweka.

Mama_K
Mleta mada swali dogo. Wewe mwenyewe unaendesha?

Binti_Makulu
Nina leseni ya kujifunzia 🙈 Imeisha muda.

Mzee_wa_Ilazo
Haya sasa!

Nkuhungu_Boy
Uzi ufungwe.

Mnyaturu_Og
Msimcheke, kocha hachezi mpira.

OT_wa_Moshi
Kocha aliwahi kucheza. Dada, kabla ya kozi yoyote, toa sehemu ya hiyo hela ujiandikishe shule ya udereva. Humohumo utajuana na mwalimu utakayefanya naye kazi, na utajua gari lao la breki mbili ni zima au breki ya pili ni pambo. Nimeshaliona la pambo.

Binti_Makulu
Sawa kaka, nimepokea. Ila kozi inafungwa mwisho wa mwezi na kujifunza kunachukua muda. Nilipie nafasi kwanza?

Mzee_wa_Ilazo
Usilipe.

Dr_Chimwaga
Lipa, maarifa hayaozi. Udereva utajifunza sambamba.

Tiba_Mkono
Bado nasema mkono.

Mama_K
Fundi_Majengo, hiyo breki ya mkono ya bajaji unafunga kwa shilingi ngapi? Kuna kijana wa jirani hapa Ilazo.

Fundi_Majengo
Inategemea bajaji yenyewe, mama. Mlete Jumamosi asubuhi niione, usije mchana nitakuwa Nanenane.